Hesabu ya Chupa

Niliuliza, pale juu kwenye ukingo wa Menengai,
saa moja asubuhi, ukungu ungali umelala juu ya ziwa:
"Kila mtu ana maji?"
Mkanijibu kwa pamoja, kama darasa la pili,
"Ndiyooo!"
Nami nikaandika daftarini: maji, alama ya vema.
Nilihesabu sauti. Sikuhesabu chupa.

Tulishuka kumi na mmoja.
Gichuhi na spika mgongoni, nzito kama mtoto aliyelala,
Muhonja na kofia pana aliyoazima kwa shangazi yake,
Tuwei na viatu vipya, vyeupe pe,
soli zimeshikwa na gundi tu.
Niliviona viatu vile. Niseme kweli:
niliviona, nikacheka, nikapita.

Kule chini hakuna kivuli cha kuazima.
Mawe meusi yanalishika jua na kulitunza
kama mwenye duka anavyotunza daftari la madeni.
Leleshwa inanukia, lakini haikufuniki.
Na mvuke unafuka ardhini, unakucheka:
maji yapo, yanapanda mbinguni, hayanyweki.

Saa saba soli ya Tuwei ikafungua mdomo.
Tukaifunga kwa utepe wa kofia ya Muhonja.
Saa nane Gichuhi akakaa chini, akazima spika mwenyewe,
na tulipomwona Gichuhi anazima muziki
ndipo tulipoogopa.

"Maji yako wapi?"
"Nilidhani utakuwa nayo. Si wewe ndiye kiongozi?"
Nilitaka kumwambia: ulisema ndiyo.
Nilitaka kumwambia, mtegemea chupa ya nduguye...
Lakini midomo yake ilikuwa imepasuka,
na methali haina unyevu.

Nusu lita ya Obura, watu kumi na mmoja.
Tulinywa kwa kizibo,
kizibo kimoja kimoja, kama dawa ya mtoto,
na hakuna aliyejifanya hana kiu
isipokuwa mimi, nikidhani hiyo ndiyo adhabu yangu,
mpaka Wangeci, muuguzi wa zamu za usiku, akanikaripia:
"Kunywa! Ukianguka wewe, nani anaijua njia?"

Swali hilo bado linaniamsha usiku.
Nani anaijua njia?
Mimi tu. Niliibeba peke yangu kama siri,
nikajiona hodari kwa kuibeba.
Sikumwonyesha mtu pale inapogawanyika,
wala nyumbani sikumwachia mtu saa ya kurudi.

Giza likatukuta hatujafika nusu ya ukuta wa kreta.
Nikatoa tochi, kwa majivuno ya mwisho niliyobaki nayo,
nikabonyeza.
Nikabonyeza tena.
Betri zilikuwa Kiamunyi, ndani ya redio:
Ijumaa nilizihamisha nisikilize mpira.
Tochi, alama ya vema. Mwandiko wangu mwenyewe.

Tulipanda kwa mwanga wa simu ya Obura, asilimia tisa,
mkono wa kila mmoja kwenye mkoba wa mwenziwe,
tukihesabu kwa sauti, moja mpaka kumi na moja,
moja mpaka kumi na moja,
na mara moja namba saba ikachelewa kuitika,
roho ikaniruka.
(Alikuwa Tuwei, anafunga kiatu.)

Sasa ni Jumamosi nyingine, ukingo uleule.
Siulizi. Nimetandaza leso vumbini.
Mwageni mikoba yenu hapa, yote, hadi makombo.
Mnanung'unika; Gichuhi anasema hii ni shule ya bweni.
Sawa. Gichuhi leo ana lita tatu, na hana spika,
nami, niseme kweli, nimeikosa kidogo ile spika.

Lakini subirini. Kabla ya mkoba wa mtu yeyote
mwageni wangu.
Muhonja, shika tochi hii.
Usiniulize kama inawaka.
Bonyeza.